Mwalimu Aliyeomba Maji

Alikuwa na ujanja mmoja tu maishani, na ujanja wenyewe ulikuwa wa kuomba maji.

Akifika mahali ambapo njia ya miguu imezibwa na ua mpya, Mwalimu hakugombana na mtu. Hakukata ua, hakumtaja chifu, hakuzungumzia ramani. Alitafuta lango, akabisha, akasubiri. Akitokea mama mwenye boma, alimsalimu kwa kirefu, akamuuliza habari za mahindi na za watoto, kisha akasema kwamba safari imemkausha koo na anaomba maji ya kunywa. Huku kwetu mpita njia hanyimwi maji. Basi angeketishwa chini ya migomba, aletewe kikombe, anywe taratibu, arudishe kikombe kwa mikono miwili, na kuuliza, kana kwamba wazo hilo ndiyo kwanza limjie, kama angeweza kutokea upande wa chini, kule mtoni. Mama wa watu angenyanyuka mwenyewe, amfungulie pengo la ng'ombe na kumsindikiza hadi mwisho wa shamba. Akishavuka, Mwalimu alinigeukia na kusema neno moja.

"Imepitwa."

Hilo tu ndilo alilolitaka. Alikuwa akisema kwamba ua hauui njia, kinachoiua ni majani. Ikimaliza misimu miwili ya mvua bila kukanyagwa, hata watu waliozaliwa kando yake wataapa kwamba haikuwahi kuwako. Kwa hiyo alizipitia zote, kutoka bonde letu la Marani mpaka chini ya ukingo wa Manga: za kisimani, za kanisani, za kuvuka kinamasi, hata zile ambazo hazikwenda popote tena kwa sababu mahali zilipokuwa zikienda pamekuwa shamba la mtu. Kila njia aliipa zamu mbili kwa mwaka. Watoto walimwita Mwalimu Amache, yaani Mwalimu Maji, na wakimwona kilimani walikimbia kuwaambia mama zao waandae kikombe.

Nimeanza na ujanja huo kwa sababu ndio ulionifanya nimpoteze. Njia ya mwisho aliyofungiwa ilipita kwetu, na aliyeifunga ni mimi. Nitafika huko. Kwanza acheni nimweleze mtu mwenyewe, maana nikitanguliza kosa langu mtamwonea huruma bure, naye hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa mkali, mbishi, na mara nyingine alichosha.

Mengi aliyoniambia aliyasema kwa Kikisii, na hapa ninayageuza tu. Lakini alipotaka neno likae, alilisema kwa Kiswahili cha darasani, kila silabi mahali pake, kwa sababu aliamini kwamba jambo likisemwa kwa Kiswahili limepigwa muhuri. Mimi aliniita "baba." Wageni walishangaa kumsikia mzee wa miaka sabini na ushei akimwita mwanamke baba. Kwetu baba ndiye mama. Mzazi wa kiume ni tata. Mzee akimpenda binti wa watu humwita hivyo. Aliyekuwa mume wangu, mtu wa Nakuru, hakuwahi kulielewa neno hilo, na mimi sikuwahi kuwa na subira ya kumfafanulia.

Alivaa gambuti, iwe mvua iwe jua, na koti la suti ambalo mifuko yake ilikuwa imeshonwa ikazibwa ili asiweke mikono ndani wakati wa kutembea. Mkono ulio mfukoni, alisema, ni wa mtu anayetaka kurudi nyumbani. Fimbo hakubeba. Majirani walipomtania kwamba mtembezi hula miguu yake, aliwajibu kwamba yake imekomaa mno, haitafuniki.

Alinifundisha jiografia nilipokuwa darasa la saba. Siku hizo mtaala ulitutaka tujue vilima vya mchanga vya pwani, na kingo ambazo Waholanzi walizijenga ili kuizuia bahari isirudi kwenye ardhi waliyoinyang'anya. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, wala sisi. Siku moja alikopa lori la kubebea ndizi akatupeleka Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya kuchonga. Kule, nyuma ya mashimo, vumbi na makombo ya mawe yamerundikana miaka mingi, meupe hapa, ya waridi pale. Alituvua viatu akatupandisha. Tulizama hadi magotini, tukateleza, tukapanda tena. Upande upepo unakotoka, akasema, mteremko ni wa taratibu. Upande wa pili ni mkali. Wachongaji waliacha patasi zao wakatucheka. Tulirudi nyumbani weupe kama waliopakwa unga, na mpaka leo nikisikia neno pwani, miguu yangu inakumbuka Tabaka.

Kwa habari za Waholanzi hakwenda mbali. Chini ya bonde letu pana kinamasi, na katikati yake tuta refu la udongo lililoachwa na watu waliokuja kuchimba mabwawa ya samaki, wakaondoka kabla ya samaki kukua. Alitupanga juu ya tuta hilo, darasa zima kwa mstari mmoja. Mkono wa kushoto maji na matete, mkono wa kulia nyasi za ng'ombe za watu. Hapa, akatangaza, ndipo Uholanzi. Jina likashika. Hadi leo mama akitumwa nyasi atakwambia anashuka Uholanzi, na kuna watoto pale wasiojua kwamba jina hilo lina wenyewe wengine. Mwenzangu mmoja aliulizwa kwenye mtihani nchi ya Uholanzi iko wapi, akaandika kwamba iko chini ya kinu cha posho, ukivuka daraja. Mwalimu alimpa nusu alama, na alipoulizwa na mkuu wa shule alijibu kwamba mtoto amekosea bara tu.

Wanawe walipopata kazi walitaka kumpeleka Mombasa akaione bahari. Tikiti ilikatwa, akakataa kusafiri. Nilimuuliza sababu, miaka mingi baadaye, tukiwa juu ya tuta lile lile.

"Nimeifundisha miaka thelathini," alisema. "Nikiikuta tofauti, nitawaambia nini watu wazima wote hawa?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyehangaikia njia za watu wote hakuwa tayari kwenda mahali palipo na hatari ya kumsahihisha.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa safi. Pembeni mwa Uholanzi ipo safu ya miti ya blugamu, na kila mtu anajua jinsi blugamu inavyokunywa maji. Chini ya safu hiyo palikuwa na chemchemi iliyonywesha boma kumi na zaidi. Sasa inadondoka tu, na kiangazi haidondoki kabisa. Kwa miaka nilimsikia akiwakemea watu kwa kupanda blugamu kinamasini. Siku moja nikauliza ni mjinga gani aliyeipanda ile. Alisimama akaitazama.

"Ni yangu," akasema, na kuendelea na safari.

Baadaye niliambiwa na mama mmoja kwamba aliipanda alipokuwa mwalimu kijana, akitaka mbao za kujengea. Aliikata yote mara mbili. Blugamu ukiikata inachipuka kisikini, mvua moja tu na machipukizi yanakupita urefu. Kila mwaka alishuka peke yake na panga kuyafyeka, na kila mwaka yalirudi. Hakumwomba mtu msaada, na sidhani kuna aliyejitolea.

Kanisani nako alikuwa na kesi yake. Alikuwa Msabato, na Wasabato wetu wana desturi ya kuwatoa vijana Jumamosi alasiri wakatembee na kutazama uumbaji. Mwalimu alipewa kazi hiyo akaifurahia kupita kiasi. Mzee mmoja wa kanisa alimshtaki mbele ya kamati kwamba badala ya kutazama maua ya Mungu, vijana wanapelekwa kukagua nyua za waumini, tena wa kwanza kukaguliwa ulikuwa wake. Kamati ikamtaka atafute siku nyingine. Akachagua Jumapili, Wakatoliki wakiwa misani na Wasabato wakiwa mashambani, na tangu siku hiyo hakuwa na mtu wa kumfuata.

Mpaka niliporudi mimi. Nilirudi nyumbani nikiwa na miaka thelathini na minne, ndoa imevunjika, tata mgonjwa. Nilipata kazi ya kuuza dawa mjini Kisii na jioni nilirudi Marani kumgeuza kitandani. Sokoni wanawake waliniuliza maswali, na wale wasiouliza walikuwa wanajibizana wenyewe. Mwalimu alikuja kumjulia hali tata, akakaa nusu saa bila kusema neno la maana, na alipokuwa akiondoka akaniambia tu kwamba Jumapili anatembea. Hakusema njoo. Jumapili ile nilivaa viatu vya raba nikamfuata, nikaendelea kumfuata kwa miaka sita.

Kutembea naye kulikuwa upweke wa watu wawili. Alitangulia hatua kumi, na ukiongeza mwendo umfikie naye aliongeza. Angeweza kumaliza saa mbili bila neno, kisha akasimama akionyesha jani au jiwe la mpaka, na kuendelea. Nilikuwa nikikasirika. Halafu nikagundua kwamba nyuma ya mgongo ule naweza kulia bila kuulizwa, na nililia sana mwaka wa kwanza, kuanzia kinu cha posho hadi Uholanzi. Hakuwahi kugeuka. Kama alisikia, na lazima alisikia, hakuonyesha.

Mara moja tu alinifungulia moyo. Tulikuwa juu ya ukingo wa Manga, asubuhi iliyooshwa na mvua, na mbali sana upande wa magharibi paling'aa kitu chembamba. Akasema lile ni ziwa. Akasema mkewe, ambaye alikuwa amefariki kabla sijarudi, alipandishwa hapo mara nyingi na kila mara alisema si ziwa, ni mabati ya watu. Walibishana miaka ishirini. "Sasa hakuna wa kunikatalia," akasema. Nilipaswa kumkatalia, ningempa raha. Nilinyamaza kwa adabu, na adabu yangu haikumfaa kitu.

Tata alipofariki ndugu zangu walikuja kutoka Nairobi, wakazika, wakarudi. Nikabaki katika boma peke yangu. Njia ya kushukia kisimani ilipita ndani ya shamba letu, hatua nane kutoka dirisha la chumba changu. Nilikuwa nimelala kando yake tangu utotoni bila hofu. Kisha wiki ya tatu baada ya mazishi mtamba wetu akaibwa, na nyayo zikaonekana kwenye njia ile ile. Kuanzia hapo kila aliyepita nilimsikia. Ndugu zangu waliposema watajenga ukuta wa mawe wenye lango la chuma, fundi aliniuliza kama tuache upenyo kwa ajili ya watu.

"Usiache," nilimwambia.

Sikuficha mbele ya fundi wala sitaficha hapa. Niliogopa, na nilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini nilijua pia ninachokifunga, kuliko mtu yeyote pale bondeni, kwa kuwa miaka sita nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwalimu nikisikia neno "imepitwa" kwenye malango ya wengine. Nikaona aibu kukanyaga njia za watu ilhali yangu nimeiziba. Jumapili iliyofuata sikwenda, wala ile ya pili. Yeye hakuja kuuliza.

Alikuja baada ya miezi miwili. Nilisikia lango likibishwa, nikachungulia kwenye kidirisha chake, nikaona gambuti. Akanisalimu, nikamsalimu. Akaniuliza habari za mahindi. Akaniuliza kazi inaendaje mjini. Kisha akasema jua ni kali, na anaomba maji ya kunywa.

Nilijua kinachofuata, au nilidhani najua. Nikifungua, atakaa, atakunywa, atarudisha kikombe kwa mikono miwili na kuuliza kama anaweza kutokea upande wa chini. Sitaweza kumkatalia, na kesho watapita kumi. Basi nikaingia ndani. Sebuleni palikuwa na katoni ya maji ya chupa yaliyobaki matangani. Nikachukua chupa moja, nikampitishia kwenye kidirisha.

Aliishika akaitazama, akaigeuza kana kwamba anatafuta maandishi. "Asante, baba," akasema. Hakuifungua. Alirudi alikotoka, akipanda kilima, chupa mkononi kwa sababu mifuko ilikuwa imeshonwa. Nami, Mungu anisamehe, kwa dakika chache nilijisifu. Maji sijamnyima, na njia sijaifungua. Nilikuwa nimemshinda Mwalimu kwa hesabu yake mwenyewe. Baadaye mchana ule nilikaa jikoni nikashindwa kula.

Nikasema nitakwenda kumwona wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwaka na nusu. Mjini ni karibu, boma lake ni karibu zaidi, lakini aibu ikishalala usiku mmoja huamka kubwa kuliko jana. Nilisikia kwamba ameanguka kwenye utelezi, nyonga ikaharibika. Nilisikia kwamba hatembei tena. Hata hapo nilituma dawa kupitia mteja, na salamu.

Nilikwenda mwishowe Jumapili moja mwezi wa Agosti, nikiwa na maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilimkuta ameketi mlangoni pa nyumba yake ndogo, mguu mmoja umenyooshwa, koti lile lile. Wanawe wote wako mbali. Anayemtunza ni mke wa mwanawe, mwanamke mwema, lakini kwetu mkwe wa kike na baba wa mumewe wana chinsoni, ile haya inayowataka wasikaribiane. Hawezi kuingia kwake wala kuketi naye. Nilimwona akileta chai, akaiweka juu ya kigoda, kigoda pekee kilichokuwa pale nje, akaita kwa sauti ya chini kwamba chai iko, kisha akarudi nyuma, uso pembeni, mpaka jikoni kwake. Alifanya hivyo mara tatu kwa siku, kwa heshima kamili. Mtu aliyeketishwa katika kila boma la bondeni sasa hakuwa na anayeketi naye.

Aliniuliza habari za njia. Alizitaja moja moja: ya kanisani, ya kwa fundi wa pikipiki, ya kuvuka Uholanzi. Kwa kila moja nikajibu kwamba sijui. Akatikisa kichwa kama alivyofanya zamani mwanafunzi akishindwa, bila hasira.

Ndipo nikatoa maneno yangu. Nikamwambia nitamwita fundi atoboe mlango mdogo ukutani, watu wapite. Nikamwambia nilikosa, siku ile ya chupa.

"Nilijua unataka kupita," nikasema, "nami nikakuzuia kwa makusudi."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kupita? Njia yako niliiacha siku waliposhusha mawe, baba. Ua wa michongoma nauweza. Ukuta wa mawe sina haja ya kuubishia."

"Sasa ulikuja kutaka nini, Mwalimu?"

Alifikiri, na alipojibu aliacha Kikisii akasema kwa Kiswahili, polepole, kila silabi mahali pake.

"Nilitaka kuketi."

Nilijiona nilivyo: nimesimama mbele yake, mkoba begani, tangu nilipofika. Nikauteremsha. Nikaiondoa chai juu ya kigoda, nikampa mikononi, nikaketi.